Eufrazia na Seva Mbili za Kinondoni

Kila nipitapo Kinondoni, mtaa ule wa nyuma ya makaburi, namkumbuka dada Eufrazia. Ofisi yetu ilikuwa hapo, nyumba ya bati yenye baraza pana, na ndani yake tulitoa gazeti la kila siku. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, ambapo kila mwenye meza na taipureta aliona anaweza kuanzisha gazeti. Mengi yalikufa kabla watu hawajayazoea majina yake. La kwetu lilidumu, na kwa sehemu kubwa lilidumu kwa ajili yake.

Alikuwa mtu wa Masasi. Alikuja Dar kuwa mpiga chapa wa shirika la umma, na shirika lilipouzwa akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Wenzake wengi walirudi makwao. Yeye akajiandikisha masomo ya kompyuta ya jioni, akajifunza mpaka akawa ndiye anayeitwa kila mashine inapogoma. Mie nilipoajiriwa kupanga kurasa, nilimkuta tayari ana chumba chake cha mashine, na mlangoni ameweka kandambili za kuingilia. Hata Mzee Marijani, mwenye gazeti, alikuwa akivua viatu vyake vya ngozi pale na kuvaa kandambili.

Waandishi waliandika kwenye kompyuta zao, lakini habari zote, picha na matangazo vilikaa kwenye mashine moja kubwa, seva. Mie nilichota humo, watu wa michezo walichota humo. Kisima kimoja, ndoo nyingi.

Mwaka tisini na saba, alasiri moja, umeme wa mgao ulirudi kwa kishindo. Taa ziling'aa kupita kiasi, halafu ikaja harufu ya kitu kilichoungua. Seva ilikufa na kila kilichokuwa ndani yake. Kesho yake gazeti halikutoka. Wauzaji walikuja tangu Buguruni kuuliza kulikoni, na Mzee Marijani akakaa barazani kutwa nzima kimya. Angefoka, tungeogopa kidogo kuliko tulivyoogopa kimya kile.

Eufrazia hakuja na mpango siku ile wala wiki ile. Kwanza alipita meza kwa meza akituuliza. Alipofika kwangu, akaanza:

"Mwajabu, mafaili yakipotea asubuhi utaumia?"

"Asubuhi nitakunywa chai, nitangoja."

"Na jioni?"

"Jioni kurasa zinakwenda kiwandani, dada. Jioni hata kidogo siwezi."

Alipokwisha kutusikiliza wote, ndipo aliponichukua tukaingia kwa mzee. Akamwambia anataka seva mbili, na katikati yao kasha moja la diski za kuhifadhia mafaili, ambalo zote mbili zinaweza kulifikia.

"Kwa hiyo moja itafanya kazi," akasema mzee, "na ya pili itakaa tu?"

"Haikai, mzee. Inasikiliza. Kuna waya kati yao, zinaulizana hali muda wote. Ya kwanza isipojibu, ya pili inachukua diski, inachukua na jina la mwenzake, kazi inaendelea. Huyu Mwajabu mezani kwake hatajua kama mashine imebadilika."

Mzee Marijani alifikiri sana. "Kama imamu udhu ukimtenguka katikati ya swala," akasema. "Yeye anarudi nyuma, wa safu ya mbele anasogea mahali pake, na watu wanaendelea palepale walipofika."

Eufrazia, Mkatoliki wa misheni ya Ndanda kulekule kwao Masasi, akanitazama mie Mwislamu. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Basi ndivyo hivyo, mzee," akasema.

"Haya. Tafuteni hizo mashine."

Wakati mashine zinangojwa bandarini, tulikwenda Keko kuchongesha kabati la kuziweka. Eufrazia alitaka mbao zenye nafasi, hewa ipite mbele na nyuma. Fundi akapima, akaguna, akauliza banda hilo ni la kuku wa mayai au wa nyama. Sijawahi kumwona Eufrazia akicheka vile. Alishika nguzo ya kibanda cha watu mpaka machozi yakamtoka.

Jaribio la kwanza liliharibika. Ule waya wa kuulizana hali ulilegea, kila mashine ikadhani mwenzake amekufa, na zote mbili zikaanza kuandika kwenye diski ileile. Mafaili yakavurugika, nusu ya habari moja imeingia ndani ya nyingine. Bahati yalikuwa nakala za zamani za kujaribia.

"Maimamu wawili, msikiti mmoja," nikasema.

"Ndiyo hatari yenyewe," akanijibu. "Bora lile la mashine kufa. Hili linaharibu na kilichopo."

Akaurudia mpango wake. Akaweka waya wa pili, akaupitisha njia nyingine mbali na wa kwanza. Kila seva akaipa betri yake ya akiba. Na akaziwekea sheria kwamba mashine ikishindwa kuishika diski, inyamaze kabisa, isijifanye mkubwa. Safari hii ikakubali.

Nilidhani kazi imekwisha. Yeye akasema bado. "Mashine ziko mbili, Mwajabu, anayezijua ni mmoja. Nikiugua mie, mtamwita nani?"

"Mie wa kurasa tu, dada."

"Nami nilikuwa wa taipureta."

Akawa ananifundisha asubuhi, saa zile za chai. Siku moja akaniambia nichomoe waya wa umeme wa seva inayofanya kazi, ule unaotoka kwenye betri yake. Chumba cha habari kilikuwa kimejaa watu, wanaandika. Nikachomoa. Feni ya mashine ikalia ikipungua mpaka ikanyamaza. Tukasimama mlangoni na kandambili zetu kuwatazama watu. Mmoja alikuna kichwa, akaipiga kompyuta yake kofi dogo, akaendelea kuandika. Hakuna aliyeinua uso. Eufrazia akanibana mkono, na mpaka leo nikisikia mtu anasema amefurahi, mimi hukumbuka mkono ule.

Mwisho wa mwaka zikaja mvua za El Nino. Habari ikamfikia kutoka Masasi kwamba mama yake amepooza upande mmoja. Akapanda meli ya Mtwara, kwa kuwa barabara ya kusini ilikuwa imekatika, akasema atarudi upesi. Hakurudi. Simu hazikupita, mabasi hayakupita.

Ndani ya mvua hizo, jioni moja, kurasa zikiwa tayari kuondoka, niliona kwenye chumba cha mashine taa ya seva ya kwanza imezimika. Maji yalikuwa yamepenya darini. Ya pili ilikuwa imeshachukua kazi, na wenzangu wanaendelea kubishana kuhusu kichwa cha habari. Nikaisogeza ile iliyozimika mbali na maji kama alivyonifundisha, nikatandika turubai juu ya kabati, nikakagua mafaili. Yote yalikuwepo. Gazeti likatoka. Mtu niliyetaka kumwambia alikuwa ng'ambo ya Rufiji, wala sikuwa na njia. Nikakaa mle chumbani, nikalia kidogo.

Alikuja baada ya Pasaka, amekonda. Nilimsimulia yote, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza juu ya betri. Halafu akasema amekuja kuaga.

"Mama hawezi kugeuka mwenyewe kitandani. Mie ndimi mtoto wake wa pekee. Huku upo wewe, kule hayupo mwingine."

Mzee Marijani alimsihi, akamwahidi na chumba cha kumleta mama. Mama hakutaka kuihama Masasi. Tulimsindikiza bandarini.

Gazeti lilidumu miaka kadhaa, mzee akafariki, wanawe wakaliuza, likafa. Miaka ya baadaye nilikwenda Masasi kumtembelea Eufrazia. Alikuwa na duka la kupiga chapa karibu na stendi, mvi zimemwingia. Tulikaa uani tukibangua korosho na kuchekea habari za Kinondoni, na kila mara sauti ilitoka ndani kuuliza kama mgeni ameshakula. Ilikuwa ya mama yake. Bibi yule alidumu kuliko gazeti letu.