Apolonia wa Steinried na Nusu ya Barua Iliyoliwa

Alizaliwa Apolonia Imfeld tarehe tisa Februari mwaka 1759, siku ya sikukuu ya somo wake, katika kijiji cha Steinried, mahali ambapo jua la majira ya baridi huchungulia adhuhuri na kurudi upesi kama mgeni aliyeona mbwa mlangoni. Baba yake, Kaspar, alikuwa mchungaji wa ng'ombe na mtengenezaji wa jibini. Mama yake, Verena, alijua sala nyingi kuliko paroko, na hakujua herufi hata moja. Theluji ya mwaka ule ilikuwa imefunika milango, kwa hiyo mkunga aliingia kwa dirisha la darini, akateremshwa kwa kamba ya kufungia nyasi, na wazee huapa kwamba mtoto, badala ya kulia, alimcheka. Kanisa halimlazimishi mtu kusadiki jambo hilo. Lakini ukiwa Steinried, usiposadiki hupewi jibini.

Paroko wa kijiji, Padri Remigi, alimfundisha kusoma na kuandika ili amsaidie kutunza kumbukumbu za ubatizo. Mwito ulimjia angali msichana, akikamua ng'ombe zizini: alisikia moyoni kwamba anatakiwa kwa Masista Wakapuchini chini bondeni. Lakini baba yake alifukiwa na maporomoko ya theluji, na nyumba ikabaki na mwanamume mmoja tu, Balz, kaka yake mkubwa, mtu wa vicheko na mabega mapana. Apolonia akangoja, miaka ikapita, mpaka masista wakakubali kumpokea katika vuli ya mwaka 1787. Vuli ile ile Balz akaugua. Maji yalimjaa miguuni, yakapanda hadi tumboni, ikawa hawezi tena kulala chali. Aliketi kitini mchana kutwa na usiku kucha akihema kama mtu anayepanda mlima, na kila mwenye macho aliona kwamba Pasaka haitamkuta.

Zamani zile mabonde hayakuwa na tabibu. Aliyekuwa na mgonjwa alimwandikia tabibu wa mjini habari zote za ugonjwa, naye tabibu akajibu kwa barua, na pengine hao wawili hawakuonana mpaka kaburini. Apolonia alimchagua tabibu aliyekaa kwenye mji wa ziwani, ng'ambo ya mlima, mtu wa sifa kubwa, ila Mprotestanti. Akaketi jikoni kuandika, na kama ilivyo desturi, akawa anasoma kwa sauti kila alichokiandika ili wa nyumbani wasahihishe.

"Weee!" Verena akamkatiza. "Unamwandikia bwana mkubwa habari za mkojo wa kaka yako? Tena mtu asiyemheshimu Bikira Maria?"

"Mama, yeye hamwoni Balz. Hana macho mengine ila karatasi hii."

"Basi andika kwamba ni mkojo wa Kikatoliki," Balz akasema kutoka kitini, na kicheko kikamkaba nusura akate roho.

Apolonia aliandika yote: uvimbe ulioacha shimo kila ulipobonyezwa, midomo iliyogeuka rangi ya zabibu, na mkojo haba. Tarishi akavuka nayo mlima.

Jibu lilifika katikati ya Januari, Apolonia akiwa juu mlimani anateremsha nyasi kwa sleji ya kuteleza juu ya theluji. Tarishi alimkabidhi Verena kifurushi cha poda ya kijani na barua yenye muhuri wa lakiri nyekundu. Sasa ifahamike kwamba katika bonde lile, mtu akiugua, hupewa karatasi za kumeza: vipande vidogo vyenye picha ya Mama wa Mungu na maneno madogo madogo, vinavyopatikana kwenye kikanisa cha hija na kutiwa katika supu. Verena alivunja lakiri. Akaona juu maandishi ya kawaida. Akaona chini, baada ya mstari, maandishi madogo yaliyopangwa vizuri kama yale ya hija. Akasema moyoni, "Kumbe hata hawa wa ziwani wana adabu." Akachukua mkasi, akaikata sehemu ya chini, akaikatakata, akamlisha Balz kwa supu ya shayiri.

Apolonia alirudi akamkuta kaka yake anatafuna. "Daktari huyu ana ladha ya wino," Balz alisema. "Chumvi kasahau kabisa." Apolonia akaishika nusu iliyobaki, akaisoma amesimama, theluji ikimyeyukia mabegani. Tabibu alisema ugonjwa ni wa moyo kushindwa kusukuma maji. Alisema poda ile ni majani ya ua la zambarau la msituni, na kwamba huokoa ikitolewa kwa kiasi, na ikizidi huua, tena kwa haraka. Maneno ya mwisho yalikuwa haya: *Kipimo chake nimekieleza hapa chini, kifuatwe bila kuongeza wala kupunguza.* Baada ya hapo palikuwa na alama ya mkasi.

Verena alipoelewa, alijifunika uso kwa aproni. Apolonia hakumkemea. Aliandika barua ya pili saa ile ile, tarishi akageuza njia kabla hajakausha soksi. Lakini mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya mlima, ishara kwamba theluji itaifunga njia, na Balz alikuwa ameanza kusinzia katikati ya maneno. Kungoja kulikuwa ni kumzika. Kumpa poda kwa kubahatisha pengine kulikuwa ni kumzika mapema zaidi.

Ndipo akaamua kukitafuta kipimo katika mwili wake mwenyewe.

"Mpe mbuzi kwanza!" Verena alilia.

"Mbuzi atakula, mama, wala hatatuambia kwamba kichwa kinamzunguka."

Padri Remigi alikuja mbio, kanzu imejaa theluji hadi magotini. "Apolonia, unajua anaitwaje mtu anayekula sumu kwa hiari yake?"

"Najua, Padri. Na anayemlisha kaka yake bila kujua kipimo, yeye anaitwaje?"

Padri alikosa jibu, na huo unahesabiwa kuwa muujiza wa kwanza. Akamwungamisha, kisha akavuta kigoda, akamshika kifundo cha mkono. Saa hakuwa nayo. Alisali Salamu Maria kwa mwendo mmoja, akihesabu mapigo yaliyoingia ndani ya kila sala. Apolonia alianza na poda ya kujaa ncha ya kisu. Hakuona kitu. Kesho yake akaongeza, na siku iliyofuata akaongeza tena. Hapo akatapika hadi nyongo. Mapigo yakapungua, yakapungua, mpaka Padri akawa anafika "amina" na vidole vyake bado vinangoja. Apolonia aliangalia dirishani akaona theluji yote ya Steinried imekuwa ya manjano kama siagi. "Nimefika ukutani," alinong'ona. "Turudi nyuma. Mpeni ncha moja tu, maana yeye ni dhaifu kuliko mimi. Na moyo wake uhesabiwe kwa sala hizo hizo." Kisha akazimia.

Balz alipewa. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya, na Verena akaanza kuitafuta sanda. Siku ya tatu, adhuhuri, Balz alipaza sauti: "Mama, leta chungu cha mkojo! Leta kikubwa!" Wapo wanaoapa kwamba kinu cha maji cha kijiji, kilichokuwa kimekwama kwa barafu, kilizunguka alasiri ile. Lisilo na shaka ni kwamba jioni Balz alilala chali kitandani, akakoroma, na mama yake akapiga magoti asikilize ule mkoromo kama mtu anayesikiliza kinanda cha kanisa.

Theluji ilipolegea Apolonia alimwandikia tabibu habari za majaribio yale, ndipo barua ya pili ya tabibu ikaja. Ilisema: *Binti, ulilolifanya ni upumbavu ambao nisingemruhusu mwanafunzi wangu yeyote. Endelea na kipimo hicho hicho.*

Utawani Apolonia hakuingia kamwe. Tangu majaribio yale moyo wake ulikuwa ukiruka mapigo, na masista hawakumpokea mtu asiyeweza kupanda ngazi za kanisa. Alilia siku moja, kisha akajifunga aproni. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliwaandikia matabibu kwa niaba ya wagonjwa wa bonde zima, akauguza waliowekwa mikononi mwake, na hakumpa mtu dawa asiyoionja yeye kwanza mbele ya macho ya mgonjwa. Homa iliyoachwa na askari waliopita njia ile ilimshika mwezi Machi mwaka 1814. Balz, mzee sasa, jambo ambalo tabibu yeyote angelikataa, alimletea kikombe.

"Umeonja?" Apolonia aliuliza.

"Nimeonja, dada. Ni chungu kama ulimi wa Padri Remigi, Mungu amrehemu."

"Basi lete." Akanywa, akatabasamu, akaiachilia roho yake.

Watu wa bonde humwita Mtakatifu, ingawa Roma haijapata kuulizwa. Wanaomwomba husema amewaponya moyo, figo, na ng'ombe mmoja aliyekuwa na kiburi. Lakini anayetaka kumwiga asitafute maajabu. Aingie nyumba yoyote ya Steinried penye mgonjwa, asimame kimya kando ya kitanda, atazame. Anayeuguza hukiinua kijiko, hukitia kwanza katika midomo yake mwenyewe, humeza. Na mgonjwa, hata yule aliyekwisha kuugeuzia ukuta uso, akiona hivyo hufungua kinywa.