Mke Mwenza wa Nyanya

Mwaka wa 1967, nikiwa na miaka tisa, ndipo shida ilipojua jina langu. Nyanya alikufa. Wengine watawaambia shida yao ilianza kwa njaa au kwa vita. Yangu ilianza kwa sufuria.

Enzi zetu mtoto akizidi nyumbani alipelekwa kwa nyanya, na mimi nilizidi mama alipojifungua mapacha. Huko kwake Mwatate nikalala kitanda cha kamba, mgongo wangu kwenye mgongo wa nyanya, blanketi linanuka moshi na ugoro. Jina langu hakuliita hata siku moja. Aliniita mke mwenzangu. Ninyi wa rika langu mnaujua utani huo: mume wa nyanya ni mume wa mjukuu pia, basi mnamgombania babu wa watu kutwa nzima, naye hana habari. Nikiunguza maharage, "Mke mwenzangu, unataka mume wetu atukimbie?" Nikichelewa kisimani kwa sababu ya mchezo wa rede, "Haya, kipenzi amerudi! Sisi wazee tumeshapika." Namjibu, "Wewe meno huna, atakupendea nini?" Anacheka mpaka anashika mbavu. Ningemjibu mama hivyo, ningelala na kofi. Kwa nyanya ilikuwa ndiyo adabu yenyewe.

Na kimanga chake! Muhogo na maharage, anaponda kwa mwiko mpaka jasho linamtoka puani, halafu ananipa ukoko wa chini ya chungu, nautafuna njiani kwenda shule. Watoto wa leo ukoko wanaukwangua wanautupa.

Siku ya maziko shangazi alinivuta nyuma ya nyumba, akanifunga leso ya nyanya, akanipa na mkongojo wake. "Wewe ndiye mjukuu. Nenda kamchekeshe mzee." Kwetu matanga yalikuwa na utani. Mjukuu humwigiza marehemu ili waliobaki wapate kupumua. Nikatoka nimeinama, leso inaburura vumbi, nikasimama mbele ya babu, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake. Nikamkaripia kwa sauti ya nyanya, "Wewe mzee, umekaa tu! Umekula?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Babu naye akacheka, machozi yanamfika kidevuni. "Niletee basi, mke mdogo," akasema. Nikamletea uji. Akaunywa wote.

Alfajiri ya kesho yake niliamka nikawasha moto. Hakuna aliyenituma. Ndivyo nilivyoacha shule, darasa la tatu. Baba alisema nitarudi muhula ujao, na muhula huo mpaka leo haujafika. Ugali wangu ulikuwa mbichi katikati. Babu anatafuna, anasema, "Mke mdogo anampita mkubwa." Mwongo! Lakini kila aliposema hivyo nyanya alikuwa amekaa nasi pale jikoni, nami huzuni ikanitoka kidogo kidogo, kwa kuteka maji, kwa kuchambua maharage, kwa kumsikia babu akilalamika chumvi. Siku hizi mtu akifiwa anapewa miadi akazungumze na mtaalamu. Mimi nilipewa mwiko. Sisemi kipi bora. Nasema mwiko ulinifaa.

Leo niko Alby, pembeni mwa jiji la Stockholm huku Uswidi, na reli ya chini ya ardhi naijua kituo kwa kituo kwa sababu nimesugua sakafu za jiji zima. Kiswidi nilijifunzia kwenye ndoo. Mjukuu wangu Neema, binti wa binti yangu Eliza, ana miaka sita. Kiswahili anakielewa chote, ila anajibu kwa Kiswidi. Mimi ni mormor wake, yaani mama wa mama. Naye, tangu azaliwe, ni mke mwenzangu kwa babu yake, mume wangu.

Majuzi akasimama mbele ya wenzake shuleni, akatangaza kwa Kiswidi safi kwamba yeye na mormor wameolewa na mume mmoja. Mwalimu akampigia Eliza simu.

"Mama, hilo neno liache! Hapa si Mwatate."

"Kwani nimemtukana nani?"

"Mama!"

Nikaenda mwenyewe kueleza. Mwalimu alipoelewa alicheka. Eliza hakucheka. Basi nikaliacha. Majuma matatu nikawa nasema Neema njoo, Neema kaa, kama karani anayeita majina. Nyumba ikanipoa. Nilihisi nyanya amekufa mara ya pili, na safari hii nimemzika mimi.

Jumamosi moja nilikuwa nasukuma chapati. Neema yuko juu ya kigoda, unga mpaka kwenye nyusi, ananitazama. Akaniuliza kwa Kiswidi kama nimemkasirikia. Nikasema hapana, Neema. Akashuka kigodani. Halafu akachukua chapati ya kwanza, ile iliyoungua, akaitia kwenye sahani, akampelekea babu yake sebuleni. Nikamsikia akisema, kwa Kiswahili, na kwa sauti yangu mwenyewe ya kukaripia:

"Mume wetu, umekaa tu! Umekula?"

Mzee akapaliwa na chai. Eliza alikuwa ndiyo kwanza anaingia, koti bado mwilini. Akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

Enzi zetu nyanya alikuwa kitanda kimoja nawe. Leo watoto wanampungia nyanya mkono kwenye kioo cha simu, halafu betri inakwisha. Ningetoa vingi nilale tena mgongo kwa mgongo na nyanya, ninuse ugoro wake. Haiwezekani, najua.

Nilicho nacho ni hiki. Nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu, mkataba una jina langu. Sufuria nne kubwa za sherehe. Kiwanja Mwatate, na kaburi la nyanya lililojengewa. Leso moja iliyochakaa, haifuliwi kwa mashine. Mke mwenza mmoja. Na mume mmoja, ambaye si wangu peke yangu.