Siku Niliyopaka Grisi Brekishuu Nikaenda Ukweni

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimeinamisha uso, maana hadi leo nikipita Rudewa kuna watu wananiita Mzee wa Grisi na siwezi kubisha.

Nilikuwa nakwenda kujitambulisha kwa kina Rehema, mchumba wangu, hukohuko Rudewa, natoka Kilosa na pikipiki ya marehemu baba (imenizidi umri), mjomba Saidi nyuma na kanzu yake ya pasi. Breki zilikuwa zinalia kama mbuzi anayechinjwa, nikaona aibu kufika ukweni na kelele zile, basi asubuhi nikafungua magurudumu yote mawili, nikazikuta brekishuu, zile nusu duara mbili zinazobana kwa ndani, nikazipaka grisi. Nyingi. (Si mnyororo ukilia unapakwa grisi? Ndiyo akili yangu.)

Njiani kimya, raha tupu, mwendo napunguza kwa gia. Mteremko wa kuingia kwao ndio ulioniumbua.

"Kanyaga breki!"

"Nimekanyaga, mjomba!"

Wazee walikuwa wamesimama kutupokea, nikawapita nikipiga kelele "Shikamooni!", nikalivaa turubai la mpunga ulioanikwa, nikaanguka kifudifudi, mjomba juu yangu.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyouma. Akaja mama yake Rehema, mama mfupi wa kanga mbili, bibi shamba mstaafu, akainama, akanusa gurudumu.

"Nani kapaka grisi humu?"

"Mimi, mama."

"Lete spana."

Wallahi, sijawahi kuona mikono kama ile. Gurudumu lilitoka kabla sijamaliza kutoa mpunga masikioni. Akazitoa brekishuu kwa kuzikunja kama anafunga kitabu, akaziosha kwa petroli, akazisugua kwa msasa mpaka ule weusi wa kung'aa ukaisha, akanionyesha kipini kinachozisukuma: "Grisi ni hapa tu, kiasi cha punje ya mchele." (Kumbe miaka yote ya kazi alizungukia mashamba kwa pikipiki ya aina hiyohiyo, akiitengeneza mwenyewe.) Akahamia gurudumu la pili. Mjomba aliacha kukung'uta kanzu, akasogea kutazama.

Kisha mama akapanda, akazunguka uwanja, akaja moja kwa moja kwangu, akasimama tairi likigusa ncha ya kiatu changu.

"Zikufikishe Kilosa polepole, kesho ununue mpya. Haya, karibuni ndani tuongee."

Posa ilikubaliwa, kwa sharti moja: Rehema hapandi pikipiki yangu kabla mama hajaikagua. Tuna miaka mitatu ya ndoa na bado anaikagua, nami nimeapa sifungui gurudumu peke yangu tena. Nakaa chini, nampa spana, namtazama, na kila mara naona kitu ambacho mara iliyopita sikukiona.