Salamanda na Kutu ya Kahawa

Leo nimerudi shambani kwa nyanya, huku Embu ya juu, kung'oa mikahawa. Mgongo unaniuma hata kabla sijainua jembe. Tutapanda muguka, ile miraa ya kutafuna, kama majirani, maana kahawa imetuchosha sote.

Kama ulikulia huku, unaikumbuka harufu ya maua ya kahawa baada ya mvua, na vyura waliopiga kelele mtoni hadi mwalimu akafunga madirisha. Nyanya alikuwa na sheria yake: asubuhi ya umande mtu haingii kwenye kahawa, na anayetoka shamba la jirani akung'ute nguo kwanza. Ugonjwa wa kutu, madoa ya rangi ya chungwa yenye vumbi linaloshika nguo, ulikuwa umeshaingia kwa jirani. Kwetu haukuwa umefika, na karo yangu ilitoka kwenye mikahawa ile.

Nikiwa darasa la saba mwalimu alituambia tulinganishe viumbe wawili wasio ndugu. Kitabuni palikuwa na picha ya salamanda, mnyama mwenye umbo la mjusi na ngozi laini ya chura, mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa. Nikajiambia, haya madoa nayajua! Jioni nikaruka ua wa jirani, nikachuma majani yenye kutu, nikayaficha ndani ya sweta. Nikaandika kwamba wote wawili wanapenda unyevu. Salamanda hupumua kwa ngozi yake iliyolowa, na kutu ni kuvu inayoingia kwa jani kupitia vitundu vyake vya kupumulia. Mmoja hula wadudu, mwingine humnyonya aliyemkaribisha. Nilijiona profesa kabisa.

Msimu uliofuata majani yetu yakapukutika. Nyanya alinyunyiza dawa ya bluu mpaka vidole vikabadilika rangi, lakini kahawa haikurudi kuwa ile ya zamani. Sikumwambia. Nimelibeba jambo hilo miaka yote, na limenichosha kuliko jembe lolote.

Siku hizi vyura hawasikiki, na mto umebaki matope. Asubuhi nilimkuta nyanya akichambua maharagwe, nikamweleza yote. Hakuinua macho.

"Nilijua," akasema. "Hiyo sweta nani alikuwa anafua? Si ni mimi?"

"Na mbona hukunichapa, nyanya?"

"Ningekuchapa, ungeogopa vitabu." Akatupa haragwe bovu. "Mwalimu alikupa ngapi?"

"Nane kwa kumi."

"Basi haikufa bure. Ng'oa tu."