Marashi Yaliyonuka Siki

Chekeni mkitaka, lakini leo wageni wa posa wamerashiwa dawa ya kusafishia picha. Kosa ni langu.

Mimi husafisha picha za filamu, na dawa hii haitaki mwanga wala hewa.

Basi jana nikaijaza pomoni kwenye chupa tupu ya marashi ya shangazi, ile nyeusi, nikaiweka kabatini kwake penye baridi.

Leo wamekuja kumposa dada yangu, hapa Kibokoni. Shangazi kaichukua, kawarashia wote.

Ukumbi mzima ukanuka siki!

Shangazi wa watu akaleta maji wageni wanawe. "Niwieni radhi, marashi yangu yameharibika."

Nami nikamwachia lawama. Na ndevu zangu hizi!

Walipoondoka, kaiosha chupa, kanipa mkononi.

"Shika, mwanangu. Si wazipenda nyeusi?"