Nilikwenda Sinema na Watoto wa Mume Wangu, Nikarudi Nikiwa Mke wa Pili

Admin, naomba unifichie jina. Mamangu naye husoma ukurasa huu na mpaka sasa hajui lolote.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, nakaa Likoni, upande wa Mtongwe, na huu ni mwezi wa nne tangu niolewe. Jamani, niliolewa nikapendwa! Mume wangu, tumwite Feisal, ni mpishi katika hoteli moja huko Shanzu. Asubuhi huniletea chai ya tangawizi kitandani, na akitoka hunibusu kwenye paji la uso kama anayesafiri mbali. Siku za shifti ya usiku alikuwa akiniambia atalala kazini, maana kurudi Likoni saa hizo ni tabu, nami nikilala nimekumbatia shati lake. Mwacheni anicheke anayetaka kucheka.

Alipokuja kuniposa hakuficha kwamba alikuwa ameoa, na kwamba ana watoto wawili wanaoishi na mama yao Kisauni. Mamangu akamuuliza mbele ya wajomba zangu, "Na huyo mama watoto, mmeachana?" Akajibu kwa adabu, "Nilimpa talaka, mama." Sote tukafurahi, tukasema kijana huyu mkweli. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza talaka ngapi, wala eda ya yule mwanamke, ile miezi ya kungoja baada ya talaka, iliishaje.

Mimi ndiye niliyemsihi anikutanishe na wanawe. Nilitaka wanipende. Nikachagua sinema, katuni ya wanyama, ya mchana ili wasisinzie. Nikauliza wenzangu wenye watoto, wakaniambia tukae karibu na njia ya kutokea, na nichukue kanga kwa sababu ndani kuna baridi. Nikapika mahamri yakajaa mkoba. Mlangoni askari akaniambia, "Dada, chakula cha nje hakiingii." Feisal akamtania, "Mwache bwana, huyu bado bibi harusi, hajui kutoka bila sufuria." Tukacheka sote, tukapita na mahamri yetu. Nilijiona nina familia tayari.

Zuhura ana miaka mitano, Nasri mitatu. Taa zilipozimwa na sauti ikanguruma, Nasri alipiga yowe watu wote wakageuka. Babake akambeba akatoka naye nje. Zuhura akanipandia mapajani, nikamfunika kanga, nikamziba masikio kwa viganja vyangu. 

Nikamwambia, "Usiogope mwanangu, ni giza tu."

Akanijibu, "Kwetu baba huniwashia taa ya simu mpaka nilale."

"Kwenu wapi?"

"Kwetu. Kwa mama. Jana pia aliniwashia."

Jana. Jana mume wangu alikuwa shifti ya usiku.

Sikumuuliza zaidi, ni mtoto. Nilibaki nimempakata, yeye akicheka tumbili wa kwenye katuni, mimi machozi yakinishuka gizani. Feisal akarudi na bisi mkononi, Nasri amelala begani. Akanirushia busu. Wallahi, hata wakati ule nilimwona mzuri.

Tulipotoka tukawapandisha watoto kwenye vigari vya kubembea, sisi tukakaa kando.

"Feisal, jana ulilala wapi?"

"Kazini, mpenzi. Si wajua?"

"Zuhura asema ulikuwa kwao."

Akamtazama bintiye. "Mtoto huyu naye ana mdomo!"

"Mtoto usimguse. Nijibu mimi."

Akainamisha kichwa. "Sikufanya haramu. Yule ni mke wangu. Nilimpa talaka moja, na kabla eda haijesha nikamrejea. Mashahidi walikuwapo."

"Lini?"

"Kabla ya kuja kukuposa."

Msomaji, kumrejea mke ndani ya eda hakuna ngoma, hakuna mahari, hakuna pilau. Ni neno tu na mashahidi wake, yamekwisha. Sisi huku Likoni tungejulia wapi? Mdomo wake haukusema uongo mbele ya wajomba zangu. Talaka kweli alitoa. Lakini alijua tunachouliza, akatuacha tufurahi.

Kilichonimaliza ni mamamkwe. Nilimpigia nikilia, nikidhani tutalia pamoja.

"Mama, shikamoo. Kumbe Feisal ana mke?"

"Marahaba mwanangu. Sasa umepungukiwa nini? Nyumba unayo, mume unaye."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungeambiwa ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Haya basi. Ndiyo maana."

Mama huyu ndiye aliyenifunga kikuba cha asmini siku ya harusi, akaniita mwanawe wa kumzaa. Na mwenzangu wa Kisauni, Feisal mwenyewe amekiri, naye alijua tangu mwanzo. Siku ile ya sinema alimsuka Zuhura, akawavisha watoto wote wawili, akijua wanakuja kwa nani. Mjinga nilikuwa peke yangu.

Feisal ameomba radhi kwa magoti. Anasema sasa hatajificha tena, atagawa siku sawa kwa sawa, na kwamba alinificha kwa kuogopa kunikosa. Ninalia, naye ananifuta machozi, na mkono unaonifuta ndio ninaoutaka na ndio ulioniumiza. Dini inamruhusu kuoa wawili, hilo sibishani. Lakini mimi nilijibu ndiyo kwa mwanamume asiye na mke. Huyu niliye naye sikuwahi kuulizwa kama namtaka.

Anataka nimjibu kama nitabaki naye kabla sijamweleza mamangu, kwa kuwa anajua wajomba zangu wakisikia watakuja kunichukua siku hiyo hiyo. Nikinyamaza, ninakuwa mmoja wao katika kumdanganya mama. Nikisema, ndoa yangu imekwisha, na bado ninampenda.

Dada zangu, kaka zangu, mlio ndani ya uke wenza na mlioukimbia: nimwambie mama, au nibaki? Msinitukane, nishikeni mkono.