Pencheni ya Bibi

Bibi yangu alipotimia umri wa pencheni ya wazee, alijipaka hina.

Mwaka uliotangulia, sheha, kiongozi wa mtaa wetu, alikuja nyumbani kwetu Tibirinzi kumwambia kwamba anaweza kuombewa zile fedha za kaya maskini. Bibi alimkaribisha kahawa na mkate wa ufuta, kisha akamweleza kwa upole kwamba nyumba hii haina maskini. Sheha alikunywa, akashukuru, akaenda zake. Paa letu wakati huo lilikuwa likivuja.

Lakini pencheni kwake ilikuwa jambo jingine. Hiyo hupewa wazee wote, aliyemiliki mikarafuu na aliyeichuma kwa kibarua. Asubuhi ile alivaa kanga mpya, akajifukiza udi, tukatoka. Goti lilikuwa likimsumbua, kwa hiyo mimi nilimshika mkono mmoja na jirani yetu mjane akamshika wa pili. Jirani huyo alikuwa akipokea fedha za kaya maskini, na mtaa mzima ulijua. Bibi mwenyewe nilimsikia mara nyingi akimsema jikoni.

Kwenye uwanja wa skuli, pencheni ilikokuwa ikilipwa, tulikaa karibu na mzee mmoja mwenye kofia ya viua, aliyewahi kuwa na mashamba. Alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba pencheni ni heshima, ila kumpa mtu fedha kwa ajili ya umaskini wake ni kumfundisha kubweteka. Wengine, alisema, wamefika hadi kuzitumia kufuga kuku wa mayai.

Jirani yetu, mwenye kuku hao, aliinamisha kichwa akawa anakunja ncha ya mtandio wake. Bibi alimtazama, kisha akamgeukia yule mzee.

"Shehe wangu, wewe leo umefanya kazi gani hata ukaja kupokea?"

"Mimi nimezeeka, Bi mkubwa."

"Wewe umezeeka, na huyu kafiwa na mume. Nani kati yenu aliyetaka yamfike?"

Wazee walicheka. Naye alicheka, mpaka kofia ikamkaa upande, akamtaka jirani yetu radhi.

Tulipotoka, Bibi alitupeleka kula urojo. Huku akipuliza bakuli lake, alimuuliza jirani vifaranga hupatikana wapi na hula nini. Wiki ile ile banda likasimama uani kwetu, na kazi ya kulisafisha nikapewa mimi.